Nani Alichimba Mtaro

Katumba, 5 Mei 2024

Mwanangu Annonciata,

Mwezi huu natimiza miaka hamsini na miwili nje ya Burundi, na miwili bila mama yako. Hujambo huko Dar? Mimi mzima, isipokuwa magoti. Kuku wamebaki watatu, nazungumza nao.

Unasema unataka kujiuzulu kwenye bodi ya kampuni ya tumbaku, urudi tukae wote. Nimefurahi kuliko inavyofaa. Lakini mwanamke ni wewe peke yako kati ya wakurugenzi kumi. Kuna nini?

Baba yako, Cyriaque

Dar es Salaam, 20 Mei 2024

Baba, shikamoo. Sijambo. Magoti yapake ile dawa.

Hakuna anayenitukana. Nikisema jambo, wanatazama karatasi zao. Baadaye mwanamume analisema lilelile, mwenyekiti anaitikia: "Hilo sasa ndilo wazo!" Nilisema tumbaku ya wakulima ipimwe mbele yao wenyewe. Limepita. Muhtasari unasema ni wazo la Bwana Deogratias.

Barua ya kujiuzulu iko tayari, naitoa kikao cha Agosti. Nitandikie kitanda cha Mama.

Mwanao, Annonciata

Katumba, 28 Julai 2024

Mwanangu,

Uko salama? Nimekawia kujibu kwa aibu, si kwa ugonjwa.

Unakumbuka kesi ya Arcade na Makarius, wale majirani waliogombania mpaka wa mashamba yao? Wazee wa baraza hatuamui siku ileile, tunakwenda kwanza kulala na neno. Nyumbani mama yako, akipepeta maharage, akasema: "Waulize nani alichimba mtaro." Kesho yake niligonga fimbo chini, nikauliza; aliyeuchimba akajulikana, na mpaka wake ukajulikana. Watu wakapiga makofi. Yeye pia alipiga, kule nyuma walikokaa wanawake. Miaka thelathini nilisema maneno yake kwa mdomo wangu.

Jumapili iliyopita niliyaeleza haya barazani. Mzee mwenzangu Thadei akanicheka: "Kumbe tuliamuliwa na mkeo!"

"Na wewe, Thadei, ulikuwa unalala na neno la nani?"

Mkewe Generosa ndiye aliyecheka, mpaka akashika mbavu. Nikampa fimbo yangu akae kwenye kiti changu.

Usijiuzulu. Kabla muhtasari haujathibitishwa, simama uwaambie waandike jina lako. Kitanda nimekitandika, lakini njoo kwa likizo tu.

Thadei amekuja mara mbili kuniita, ati kiti kingine kipo. Nyumba hii ni kimya mno, na barazani kuna watu. Lakini sitarudi: nikiwapo watanisikiliza mimi, si Generosa.

Baba yako