Mosye Anapumua, Yaya

Yaya Yustina, dada yangu,

Leo asubuhi milima ya ng'ambo imerudi. Ulipotuacha ilikuwa haionekani. Moshi wa majani yanayochomwa vilimani ulikuwa umeshuka mpaka ziwani, na maji na mbingu vilikuwa kitu kimoja cheupe, kama shuka iliyoanikwa. Jana mvua ya kwanza ilinyesha. Leo nimetazama dirishani na Burundi ile pale, ya buluu, kana kwamba mtu ameirudisha mahali pake wakati tumelala. Nikasema kwa sauti, "Yaya, angalia." Kisha nikakumbuka. Paka wako ndiye aliyegeuza kichwa.

Ndiyo, niko naye. Ni kwa sababu hiyo ninakuandikia.

Unakumbuka siku alipokuja kwako Kimanga? Yule mama Mgiriki uliyekuwa ukimshonea magauni alikuwa akifunga masanduku yake baada ya uhuru. Alikuachia vyungu vya maua, pazia moja, na paka mzima, mwenye umri wake na tabia zake tayari. Hakukuambia kwamba ana pumu. Jina lake la Kigiriki lilikushinda, ukamwita Mosye, yaani bwana wa Kizungu, kwa sababu alikaa mbele ya sahani tupu bila kulia, akingoja kuhudumiwa. "Huyu ni musye kabisa," ulisema, "hata uhuru haijamufikia." Mimi nilicheka lakini sikumpenda. Nilikuja kula kwako siku za Jumapili na nilimvuka miguuni kama kiti.

Mara ya kwanza alipobanwa nilidhani anakufa. Alijilaza chini kabisa, shingo ameinyoosha mbele, mabega juu, na kifua kikapiga mluzi kama mlango wenye kutu. Nilimnyakua nikakimbia naye kuelekea uani. Ukanipigia kelele mara ya kwanza na ya mwisho: "Damasi, muweke! Ukiogopa, naye anaogopa, na pumzi inakwisha." Ukakaa sakafuni kando yake, ukaweka mkono juu ya mbavu zake, bila kubonyeza. Cherehani yako ilikuwa kimya, kanga imekatwa nusu juu ya meza, na nje watoto walikuwa wakiimba. Tulingoja. Ikapita. "Umeona?" uliniambia. "Unakaa chini tu. Inapita yenyewe."

Nilikuwa nimewahi kuyasikia maneno hayo. Ndiyo uliyoniambia nilipokuwa mdogo, radi ilipopiga juu ya ziwa nami nikaingia chini ya kitanda cha mama.

Homa ilipokuchukua, njia ya kupanda hospitali ya Lemera ilikuwa imefungwa. Unajua hayo. Sitayarudia.

Wakati wa matanga waligawana vitu vyako, kama inavyotakiwa. Cherehani ilikwenda kwa binti wa shemeji, marehemu mumeo. Vikwembe vyako vya kujifunga walivichukua mashangazi. Nyumba ni ya ukoo wa shemeji, kwa hiyo Mama Odila, mke wa mdogo wake, akahamia na watoto wake. Mwisho wakamkuta Mosye.

"Na hii paka ya kukohoa, nani atachukua?" akauliza Mama Odila.

Babu mdogo, bila kuinua macho kutoka kwenye moto, akasema: "Mupatie klaki. Ilikuwa na mushahara, na haina bibi."

Watu walicheka, Yaya, hata katika kilio chako walicheka, na nadhani ungecheka kuwapita wote. Mimi, karani wa bandari, nilitazama viatu vyangu. Nilijiambia kwamba paka ni wa nyumba, hahami. Nikarudi chumbani kwangu Kalundu, karibu na bandari, bila kitu mkononi.

Sasa nikueleze nilivyokuwa ninaishi, kwa maana ulikuwa mgonjwa na nilikuficha. Tangu wenye dawa walipouchukua mji, wale waliochanjwa na kunyunyiziwa maji ili risasi zisiwaingie, ofisi ya bandari imefungwa. Walianza kuuliza waliko makarani, walimu, na kila aliyeshika kalamu chini ya serikali. Wengine waliitwa wakarudi. Wengine hawakurudi. Basi nilifunga mlango, nikafunga dirisha, nikatundika gunia juu ya dirisha. Nilipika ndani, juu ya jiko la mbabula, makaa kidogo, ili jirani asione moshi na kusema klaki yupo. Nilisugua kidole changu kwa ndimu na majivu, hiki cha kati chenye doa la wino. Doa halikutoka. Wakigonga mlango sikujibu. Humo ndani siku zilikuwa na rangi moja, ya kahawia. Wakati mwingine sikujua kama nimelala au niko macho, na nilisikia cherehani yako ikienda, polepole, kana kwamba unashona kitu kirefu kisicho na mwisho.

Jumapili moja nilitoka. Sijui kwa nini. Labda miguu ilizoea Jumapili. Nilipita nyuma ya nyumba za watu mpaka Kimanga.

Mama Odila alikuwa amejenga vichanja uani vya kubanika samaki. Simlaumu, soko limekufa na watoto lazima wale. Lakini moshi ulikuwa umejaa mpaka vyumbani, mzito, wa mafuta. Niliingia mahali ulipokuwa ukishonea. Meza haipo, cherehani haipo. Palikuwa na alama tu sakafuni. Na Mosye alikuwa amejikunja palepale lilipokuwa kanyagio la cherehani, mahali alipozoea kulala huku mguu wako ukipanda na kushuka. Amekonda. Mluzi wa kifua chake niliusikia kutoka mlangoni.

"Tangu juzi haikuli," Mama Odila alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Shemeji, muchukue. Hapa itakufa, na miye siwezi kuzima moto."

Nikachukua kile kitunga chako cha vipande vya nguo. Vipande vilikuwa bado ndani, vya njano na vya buluu. Nikamweka Mosye juu yavyo, nikafunika kwa kitambaa.

Nikiwa naye sikuweza kupita nyuma ya nyumba, kwani kila ua ulikuwa na moto wa samaki. Njia isiyo na moshi ilikuwa barabara kubwa tu, na barabara kubwa ilikuwa na bariyeri, kizuizi cha wenye dawa. Saa za adhuhuri, jua jeupe, hakuna kivuli. Nilitembea kama mtu anayetembea ndani ya maji. Niliona mti uliolazwa juu ya mapipa, matawi ya mitende, na wanaume waliovaa ngozi na majani kichwani. Vumbi lilipanda. Na hatua chache kabla ya kufika, kitungani, Mosye akabanwa.

Yaya, mwili wangu wote ulitaka kukimbia. Nilikuwa na njia nyuma yangu, tupu. Lakini nilikuwa nimemshika yeye, na nilijua nikikimbia naye, pumzi itakwisha.

Basi nikakaa chini. Katikati ya barabara.

Nikafunua kitambaa, nikaweka mkono juu ya mbavu zake, bila kubonyeza. Nikavisikia viatu vya mtu vikija. Mkuki ukasimama mbele ya uso wangu.

"Weye! Ni nini iko inalia mu kitunga?"

"Ni paka, mukubwa. Iko na pumu."

Akainama kuangalia. Mosye, shingo mbele, akajiburuta mpaka ukingo wa kitunga, kuelekea mguu wake. Yule mtu akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. "Asiniguse! Akinigusa dawa yangu inakufa!" Wenzake nao wakarudi nyuma, maana mwenye dawa haguswi na asiyechanjwa, na hakuna aliyejua kama sheria hiyo ni ya watu tu au na ya paka. Wakasimama mbali, wamenizunguka. Ndipo nilipoona kwamba nao wanaogopa. Wanaume wenye mikuki, na wanaogopa manyoya.

Yule wa kwanza akatazama mkono wangu.

"Iyo kidole iko na wino."

"Ndiyo."

"Uko klaki?"

Sikuwa na mahali pa kuuficha mkono. Kama ningeutoa juu ya mbavu zake, Mosye angeogopa. "Ndiyo, mukubwa. Klaki ya bandari."

Kulikuwa na mluzi wa kifua tu, na ziwa jeupe lisilo na ng'ambo. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Nilikuona, Yaya. Ulikuwa umekaa upande wa pili wa kitunga, kanga iliyokatwa nusu magotini, ukingoja pamoja nasi. Na wote walikuwa wakingoja, nilikuwa nawasikia wakipumua polepole, mmoja mmoja, pumzi zao zikifuata pumzi yake. Mpaka mluzi ukapungua. Mpaka Mosye akameza mate, akalaza mabega, akaanza kulamba mkono wake kana kwamba sisi sote hatupo.

"Jina yake nani?" yule mtu akauliza.

Jina hilo, mahali pale! Ningeweza kusema lolote. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema kweli mara mbili na ulimi haukupata njia nyingine. "Mosye."

Mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko. "Ba musye wote walikimbia, huyu mumoja alibakia!" Na wakacheka wote, wakashikilia mikuki yao ili wasianguke. Yule wa kwanza akapangusa macho kwa mgongo wa mkono.

"Simama, klaki. Pita. Umutoe mu vumbi." Nilipokuwa nimekwisha kupita akaita tena: "Wapi unaishi?"

Nikamwonyesha kwa kidole chenye wino.

Nilipofungua mlango wangu, Yaya, nilisimama. Chumba kilinuka makaa na majivu. Nilikuwa nimemtoa katika moshi nikamleta katika moshi. Mosye akanitazama kutoka kitungani, kama alivyokuwa akitazama sahani tupu.

Nikang'oa gunia. Nikafungua dirisha. Nikabeba mbabula, nikaiweka nje, upande ule ambao upepo wa ziwa unapeleka moshi mbali na mlango, mbele ya njia, ambapo kila mtu anaona. Nikawasha moto, nikachemsha ndagala zake, samaki wadogo wa ziwani, mpaka zikawa laini. Mama jirani akapita na ndoo, akasimama.

"Ee, klaki! Kumbe uko?"

"Niko," nikasema.

Mosye alikaa chini ya kitanda muda mrefu, na ndagala zake alizila nilipokuwa nimegeuka tu. Sasa analala juu ya vipande vyako vya nguo, chini ya dirisha. Bado anabanwa, na najua atabanwa maisha yake yote. Nakaa chini kando yake. Yule mtu wa bariyeri alipita njiani juzi. Aliuliza kwa mbali tu, "Mosye anapumua?" Nikamjibu anapumua. Akaenda zake. Sijui kesho atauliza nini. Bado naogopa, Yaya, usidhani nimekuwa mtu mwingine. Hata sasa ninapoandika, nimesikia hatua nje na kalamu imesimama.

Zimepita.

Lala salama, yaya wangu, chini ya udongo ambao mvua imeulainisha. Nakuahidi hili: maadamu Mosye anaishi, moshi hautaingia katika nyumba hii. Dirisha litakuwa wazi na nitapika nje. Na yeyote atakayepita akiuliza kama niko, nitajibu.

Mdogo wako,
Damasi