Kura ya Elwood Kwenye Bahasha ya Kijani

Jumapili, 4 Novemba

Kanisani leo tumegawana kazi za keshokutwa. Uchaguzi wa gavana — rais hayumo, kwa hiyo watu wamelala. Elwood wangu, kama kawaida, sufuria. Miaka kumi na tisa anapika na kuuza mchuzi wa Brunswick, ule mzito wa kuku na mahindi, nje ya ukumbi wa kanisa siku ya kura. Wenzake wanapanga foleni mlangoni, yeye anakoroga.

Dada Odessa kamtania: "Shemeji, wewe kura yako huwa unaitia humo humo na mahindi?" Watu wakacheka. Elwood naye akacheka. Mimi nilitamani kumtia Odessa humo humo.

Odessa mgeni, hajui. Elwood akiwa na miaka ishirini na saba alimwendeshea binamu yake gari, binamu akaiba dukani. Miaka minne jela. Na hapa Virginia, ukishafungwa kwa kosa kubwa, hupigi kura tena mpaka gavana mwenyewe atie sahihi. Tumewaomba magavana watatu. Kimya. Huyu anayeondoka ni wa nne.

Jumatatu, 5 Novemba

Imekuja! Barua kutoka Richmond, ofisi ya gavana. Gavana katia sahihi!

Elwood kaisoma amesimama, akakaa, akaniuliza kama nina hakika si Pettus mwingine. Nikamwambia Elwood Tazewell Pettus ni mmoja tu duniani, mama yake alihakikisha. Nimelia. Yeye kaenda kumenya viazi. Kamenya mpaka vya wiki ijayo.

Jumanne, 6 Novemba

Nilipiga simu kuuliza. Anaweza kujiandikisha leo leo na kupiga kura, ila kura itafungwa kwenye bahasha ya kijani mpaka bodi ya uchaguzi iikague. Haya.

Saa nne akanikabidhi mwiko, ule mrefu kama kasia. "Verna, usiache kukoroga. Ukiacha tu, unashika chini."

Nikakoroga dakika kumi. Kisha nikamwona dirishani, kainamia karatasi kama mtoto kwenye mtihani, kalamu haishuki. Nikasogea. Kidogo tu! Halafu nikasikia harufu — mchuzi umeshika! Miaka kumi na tisa, haijawahi kutokea.

Odessa anapiga kelele nani kaunguza. Elwood akatoka, akanusa, akanitazama. Nikangoja kugombezwa.

"Nimechagua, mama," akasema. Basi.

Tumeuuza hivyo hivyo, na moshi wake.

Jumatano, 7 Novemba

Bi Halloran, mgombea aliyepigiwa kura na Elwood, kashindwa. Na si kidogo — kura elfu tisini na kitu. Gavana ni Stroud. Kwenye kampeni alisema yeye sahihi za wafungwa hatazitoa ovyo. Barua ingechelewa mpaka aapishwe, tungekuwa tumekwisha.

Mchana msajili wa kaunti kapiga simu. Kwenye kompyuta, jina la Elwood bado limezuiwa. Aje Ijumaa mbele ya bodi na barua yake, la sivyo kura itawekwa kando.

Nikamwambia, mpenzi, yule mama kashindwa kwa elfu tisini, pumzika. Akasema, "Verna, wakiandika idadi ya waliomchagua, nataka niwemo."

Nampenda mtu huyu. Anachosha, lakini nampenda.

Ijumaa, 9 Novemba

Mahakamani, ndiko bodi inakokaa, kwenye benchi la ukumbini. Naandika magotini. Jengo lile lile walilomhukumia. Elwood kavaa suti aliyomwozeshea binti yetu, haifungi tena kifungo.

Mama wa mlangoni kamuuliza kwa upole, "Mzee, si uchaguzi umeshakwisha?"

"Wenu," Elwood akasema. "Wangu bado."

Wamemwita! "Bwana Pettus." Bwana! Mara ya mwisho humu waliita namba.

Mimi nimeambiwa nibaki. Mlango haukufungwa vizuri. Watu watatu mezani. Mmoja anauliza barua ni ya tarehe gani. Swali la jibu fupi tu. Na Elwood, mtu wa maneno kumi kwa siku, anaanzia mbali. Anaanzia lile gari. Anawaambia alivyokaa nyuma ya usukani asizime injini. Hakuna aliyemuuliza hayo! Barua, Elwood, waonyeshe barua tu!

Bado anaongea. Amefika mwaka alipotoka, ananitaja mimi. Hakuna anayemkatiza, na sasa hata mimi sitaki akatizwe.