Mawese Ndani ya Amortiseri

Lusangi, Jumatano

Yaya Alimasi, kaka yangu mkubwa,

Yambo sana. Mama anaendeleaje na macho yake? Shemeji Chimène na watoto ni wazima? Mimi napumua, ila mgongo unauma kwa kuchimba. Ninaandika nikiwa nimesimama, maana mwenye pikipiki atakayekuletea barua hii anawasha injini kila mara kunitisha kwamba anaondoka.

Baiskeli yako uliyoagiza irudi, nadhani Glody ameshakufikishia Nyangwe. Unazijua zile amortiseri zake za mbele: springi inabeba uzito, mafuta ya ndani yanaizuia isirukeruke. Mwezi uliopita mafuta yalivuja yote. Nikipanda kilima na gunia la mihogo, kila nikikanyaga pedali, mbele inazama, nguvu zangu zinaishia humo. Ernestine anayetuuzia fufu akanicheka, akasema hata padri hainami mara nyingi hivyo katika misa.

Fundi Yves aliniambia nisubiri mafuta yanayofaa kutoka Kasongo. Alisema yakiwa mepesi mno, itadunda. Yakiwa mazito mno, nitapanda vizuri lakini kila jiwe litanipiga mikononi. Nilisubiri siku mbili. Ya tatu nikamimina mawese.

Yaya, asubuhi ilikuwa raha! Baridi ilikuwa imeyagandisha, baiskeli imekaza kama chuma kitupu. Nilipanda kilima chote bila kushuka, nikampungia Ernestine mkono. Adhuhuri jua liliyayeyusha, ikaanza tena kuinama.

Sasa nikuambie lililoninyima raha tangu jana. Nilikuandikia kwamba meno yangu mawili yaling'olewa na jiwe shimoni. Nilikudanganya. Ni asubuhi ileile, nikiteremka upande wa pili wa kilima: gurudumu liligonga mzizi, amortiseri haikuzama hata kidogo, nikarushwa juu ya usukani. Niliona haya kwa sababu baiskeli ni yako. Ndiyo maana nilimwagiza Glody akuambie imetengenezwa. Mawese yangali humo.

Jana mchuuzi aliyetoka huko Nyangwe alinipa habari kwamba Jumamosi utampakia mama kwenye baiskeli hiyo, umpeleke Kasongo kwa daktari, na kwamba mtaondoka alfajiri, kungali na baridi.

Usimpakie, yaya. Tafuta pikipiki, malipo yake mimi nitajua la kufanya.

Nimemwambia mwenye pikipiki, akikukuta njiani, akuambie umshushe mama kwanza ndipo ufungue barua. Msalimie. Akiuliza habari ya meno, mwambie kweli.

Mdogo wako,
Muzaliwa