Bamia Alizomeza Baba

Jumamosi. Ukungu ulilala juu ya majani ya chai mpaka saa nne, ndipo jua likatoka. Leo nimesinzia mchana, jambo ambalo sijalifanya tangu Baba augue.

Alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulirudi kidogo kidogo, lakini koo lilikataa. Ugali unamkaba. Uji amechoka nao, akiona kikombe anageukia ukuta. Muuguzi alituambia tumtafutie chakula laini, chenye kuteleza. Nikakumbuka bamia nilizokuwa nikipika nilipofanya kazi Kisumu. Hapa kwetu, karibu na Kaplong, huzipati sokoni ila kwa bahati. Nikaamua kupanda.

Nakiri, nilipanda kwa pupa. Nilizibananisha mbegu nyuma ya jikoni, pale ukuta unapokinga upepo, kama mtu anayesia sukuma wiki kitaluni. Halafu kila jioni nikazimwagia maji, ndoo baada ya ndoo, kana kwamba maji ndiyo yangemponya Baba haraka.

Miche ikarefuka, myembamba, majani yakawa manjano. Mingine ikaoza shinani.

Jirani yetu Mama Njeri, anayeuza mboga, alikuja kumjulia Baba hali, akapita nyuma kuangalia. Hakunificha.

"Chebet, hizi umezisonga, zinapigania jua. Na maji ya jioni, na hii baridi yetu? Unaziua. Ng'oa nusu."

Nusu!

Niling'oa nikilia. Kila mche niliona ni sahani ya Baba naitupa.

Iliyobaki niliiachia unyayo mmoja kati ya mche na mche, nyayo mbili kati ya mistari. Maji nikahamishia asubuhi, shinani tu, na si kila siku. Natia kidole kwanza. Udongo ukiwa na unyevu, nauacha. Miche ilipofika gotini nikatandaza nyasi kavu, ila zisiguse shina. Nyasi ziliisha kabla sijafika mstari wa mwisho. Wiki ile ya jua kali, mstari huo ulinyauka kila adhuhuri. Mingine ilisimama wima.

Leo asubuhi nimechuma bamia kumi na tisa, laini, za urefu wa kidole. Nikazipika na nyanya, nikaziponda pamoja na ugali mwororo, nikamketisha Baba wima.

Kijiko cha kwanza kilikaa mdomoni muda mrefu. Mimi ndiye niliyeacha kupumua. Kisha koo likapanda, likashuka.

Hakukohoa.

Cha pili. Cha tatu. Akanyoosha ule mkono wake wa kulia, akaninyang'anya kijiko. Maneno bado yanamtoka mazito, lakini nilimsikia vizuri.

"Hii haina chumvi."

Miezi yote hii hajawahi kulalamikia ladha ya kitu. Nilitoka nje kutafuta chumvi, ambayo iko ndani, nikasimama uani nikicheka peke yangu hadi machozi yakanitoka.

Najua Julai inakuja na baridi yake, na bamia hazipendi baridi. Hilo nitalihangaikia likifika. Jioni hii nataka kukaa tu hapa mlangoni, nikimsikiliza Baba akibishana na mtangazaji wa redio.