Anayesema "turudi" anabeba mabegi

Wee, uko? Nimefika nyumbani sasa hivi, matope mpaka masikioni. Usiulize, soma tu.

Ile sheria ya bosi ya kupanda mlima si unaikumbuka? Wa kwanza kusema "turudi" anashuka na mabegi ya ofisi nzima. Mwaka jana si alimbebesha dada wa mapokezi, na homa yake, huku anampiga picha anacheka?

Basi leo mvua imetukamata katikati. Njia imegeuka mto, radi zinapasuka juu ya vichwa, kila mtu meno yanagongana. Na hakuna aliyesema. HAKUNA. Watu wazima na watoto wao nyumbani, heri wafe kuliko kubeba mabegi!

Bosi akanisogelea, midomo inamcheza, akaninong'oneza: "Sema wewe basi." Nikamjibu, "Sikusikii bosi, upepo."

Akamgeukia dereva. Dereva naye ghafla kiziwi.

Mara akateleza, akakaa kwenye tope pwaa! Ndipo ikamtoka, sauti kama ya mtoto: "Jamani, turudi."

Mwenzangu, hakuna aliyemwinua. Tulimvisha mabegi palepale alipokaa. Anatetemeka, sisi tunampakia!

Wa mwisho dada wa mapokezi. Kumbe muda wote tuliosimama kimya, yeye alikuwa ameinama anaokota. Akamtundika begi lake shingoni, taratibu kabisa.

"Pole bosi, limezidi uzito kidogo. Nimeokota mawe ya ukumbusho. Haya, tabasamu, nakupiga picha."