Manjano Hayawi Badala ya Kidonge, Shangazi

Shangazi yangu mpendwa,

Ninakuandikia kukuomba usiache vidonge vyako. Barua hii naiacha wazi, ili isomwe pia na kinamama wa Ilford, hapa London, uliowahadithia utafiti wangu. Mama, wifi yako, ameniambia kwamba tangu uhamie Leicester kwa mwanao umebaki na maziwa ya manjano peke yake, na kwamba hoja yako ni mimi.

Shikamoo, shangazi. Nisamehe kwa kutanguliza ombi kabla ya salamu, hofu imenizidi.

Nalikumbuka jiko letu la Ilford, madirisha yamefunikwa na mvuke, nawe ukikwaruza manjano mabichi huku ukiyalaumu. "Haya nayo manjano? Hayana hata harufu! Ya kwetu Unguja ukiyagusa Ijumaa hii, Ijumaa ya pili kidole bado chashuhudia." Nilikwenda shule nikivificha vidole vyangu mfukoni. Ulicheka. "Vitoe nje, binti. Wenzio watadhani umevaa dhahabu."

Naikumbuka pia kliniki, ulipougua saratani ya titi kwa mara ya kwanza, nami mkalimani wako ndani ya sare ya shule. Muuguzi aliuliza iwapo unatumia dawa nyingine yoyote.

"Mwambie sina dawa nyengine."

Nikanong'ona, "Na manjano, shangazi? Na habbasoda?"

Ukanikata jicho. "Lo! Hicho chakula, mwanangu. Utamtajia na wali?"

Muuguzi akaandika hapana, nasi tukarudi kwa treni ukinilisha visheti kutoka mkobani. Hukudanganya. Kwetu sisi kitu cha jikoni hakihesabiwi kuwa dawa, na kumtajia daktari ni kumpotezea wakati. Naamini jibu lako lile ndilo lililonipeleka chuoni kusomea elimu ya dawa.

Siku ya mahafali ulipiga vigelegele hadi ukumbi mzima ukageuka. Kisha ukamwendea profesa wangu na kumweleza kwa Kiswahili, bila kujali kwamba haelewi: "Huyu nimemlea mimi. Na manjano nimemfunza mimi." Akakuinamia kwa heshima. Sijapata kujivunia mtu kama nilivyojivunia wewe saa ile.

Ni kweli, shangazi, kwamba maabarani tunakimimina kiini cha manjano juu ya seli za saratani ya matiti, nazo hupunguza kasi ya kukua. Hilo ulilisikia, ukalitangaza. Lakini seli hizo zimo kisahanini, na kisahani hakina tumbo wala ini. Mwilini, sehemu kubwa ya kiini hicho hupotea kabla ya kuufikia uvimbe. Kinachosalia, kikinywewa kwa wingi, huweza kuliingilia ini linapokishughulikia kidonge chako, hata kidonge kikapungua nguvu. Manjano ya mchuzini hayanitishi. Naiogopa ile glasi nzito ya maziwa ya manjano ya kila asubuhi, ambayo daktari hajaisikia hata leo. Ugonjwa uliporejea alidhani kidonge kimeshindwa. Huenda kimeshindwa kweli, huenda kilizuiwa. Hawezi kujua usipomwambia.

Na sasa umekiacha kabisa, kwa sababu mtoto uliyemlea anachunguza manjano.

Tangu utotoni nilitamani uisifu kazi yangu mbele za watu. Umeisifu, nami silali. Nikikupoteza kwa sababu uliniamini, shangazi, shahada hii nitaitazama kwa macho gani? Utafiti wetu bado mchanga. Mimi mwenyewe, ningekuwa mgonjwa, nisingeutegemea.

Daktari wako wa London amekubali kukuona tena, na nimeomba ruhusa maabarani ili niwe nawe. Njoo na vidonge vyote, hata ulivyoviacha, na usione haya. Hakuna atakayekukaripia mbele yangu. Mwanao akupandishe treni ya mapema. Nitakungoja kituo cha St Pancras, pale abiria wa Leicester wanapotokea, Jumanne ijayo saa tatu na nusu asubuhi.

Binti wa kaka yako