Eti Kebo ni ya Watalii

Shoga, uko wapi? Nimetoka kikaoni sasa hivi na hasira tele.

Unajua dada yangu alijifungua jana kule mlimani. Usichojua ni kwamba alijifungulia mikononi mwa jirani, maana mkunga alichelewa. Ni mgeni mjini. Alifuata ramani ya simu, hiyohiyo tunayoichora sisi ofisini, ikamwambia hakuna usafiri, apande ngazi kwa miguu.

Saa nzima anapanda, na mkoba wa vifaa begani! Magari ya kebo yananing'inia kwenye waya, yanampita juu ya kichwa, na yale yanafika kileleni kwa dakika sita.

Leo nikamwuliza bosi kwa nini kebo haimo kwenye usafiri wa umma. Akanijibu bila hata kuniangalia, "Ile ni ya watalii, wanapanda kupiga picha."

Ya watalii. Mama yangu anashuka nayo kila asubuhi kwenda kushona kiwandani. Mtalii gani huyo?

Nikafungua ramani mbele ya wote, nikaihamishia kebo kwenye usafiri wa umma.

"Rudisha ilivyokuwa," akasema.

"Rudisha mwenyewe, bosi. Kisha nenda ukamweleze dada yangu."

Halafu yule mchoraji mwenzangu tunayemwita Bubu, asiyefungua mdomo kikaoni, akasema, "Bosi, hata mimi nimekuja nayo leo."

Bosi akakusanya makaratasi yake, akatoka.

Sijui kama kesho nitakuwa na kazi. Nimeangalia ramani mara tatu. Hajairudisha.